Kura Moja ya Mzungu wa Nong Phai

Siku ya uchaguzi Wi aliamka kabla ya kipaza sauti, na kwa watu wa Nong Phai hiyo peke yake ilikuwa habari. Kijiji kile cha Thailand hakihitaji saa. Kila alfajiri mwenyekiti wa kijiji huwasha kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti uani kwake, anakohoa, anapiga wimbo mmoja wa zamani, kisha anamwaga matangazo: mbwa wachanjwe leo, maji yatakatika adhuhuri, nyati wa fulani ameonekana kwenye mpunga wa fulani na mwenye nyati anaombwa aone haya. Kwa kawaida Wi hujifunika mto kichwani. Jina lake kamili ni Wiebe, Mholanzi, lakini hakuna ulimi wa pale uliowahi kulifikisha mwisho. Siku hiyo alikuwa ameshaoga, amevaa shati lake la pamba la rangi ya nili, amekaa ukingoni mwa kitanda na kitambulisho mkononi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

"Lamduan," alimwita mkewe. "Amka. Kituo kinafunguliwa saa mbili."

"Kituo kiko hapo hekaluni, hata ukipiga chafya wanakusikia. Na saa hizi ni kumi na moja. Lala, mzee."

"Silali."

"Basi kalishe kuku. Nao wana haki zao."

Msimcheke haraka. Wi alikuwa ameishi pale miaka ishirini na tatu, ameoa pale, amezika mbwa wanne pale. Alipewa uraia baada ya kujaza makaratasi ya gunia zima na kuimba wimbo wa taifa mbele ya maofisa waliojikaza wasicheke. Lakini raia wa kuandikishwa haruhusiwi kupiga kura mpaka uraia wake utimize miaka mitano, naye akangoja kama anayengoja embe liive huku anapita chini yake kila siku. Miaka mitano ilitimia mwezi uliopita. Na mwezi huohuo Mzee Thongdi, mwenyekiti wa kijiji, akafikisha sitini na kustaafu kama sheria inavyotaka. Wi aliona ni bahati iliyoshushwa kutoka juu. Lamduan aliona ni balaa.

Alikuwa na sababu zake. Wagombea walikuwa wawili. Namba moja alikuwa Bunlert, mdogo wake Lamduan wa tumbo moja, mcheshi, mkarimu, mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu na hajawahi kumaliza kazi. Namba mbili alikuwa Saengdao, mfuga nguruwe, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Mwaka wa ukame yeye ndiye aliyewakalia wakubwa wa wilaya kooni mpaka pampu ya maji ikaja. Kucheka kwake hakuna aliyewahi kukuona.

Sasa, Wi ni mwandishi. Ana ukurasa wake mtandaoni, unaosomwa na wazungu waliohamia Thailand na wengine wanaoota kuhamia. Humo anaeleza siasa za Bangkok kama mpishi anayeeleza pilipili: nani kaingia serikali ya muungano, nani katoka, chama gani kiko mahakamani, jenerali gani kakanusha uvumi wa mapinduzi. ("Jenerali akikanusha mara moja, nunua mchele," aliwahi kuandika. "Akikanusha mara mbili, nunua na mafuta.") Anaweka na habari ndogo: tembo aliyevunja jiko la mama mmoja akala mchele wake, chatu aliyekutwa chooni. Lakini wimbo wake mkuu, anaourudia kila uchaguzi, ni mmoja: nchi hii haitanyooka mpaka watu waache kumpigia kura shemeji.

Na safari hii shemeji alikuwa wake. Mdomo huponza kichwa, na kalamu nayo haina huruma.

Kuku walipokwisha kula, Wi alikwenda dukani kwa Shangazi Malai, mahali ambapo wanaume kwa wanawake hukutana kila asubuhi kunywa kahawa ya maziwa mazito na kutawala nchi. Wenyewe wanapaita bungeni. Wi ana kiti chake pale, na gazeti huachiwa yeye alisome kwanza.

"Haya, mzungu," alisema Kampan, fundi pikipiki, mtu wa utani mpaka msibani. "Bangkok wanasemaje?"

"Wanasema waziri wa uchukuzi atajiuzulu wiki hii. Na mimi nasema hajiuzulu, kwa sababu chama chake kikitoka serikali inaanguka, na wenyewe..."

"Gari lake namba ngapi?"

"Gari la nani?"

"La waziri! Kesho kutwa bahati nasibu inachezeshwa. Namba ya gari la waziri anayeanguka haikosi."

Watu wakachomoa simu wakaanza kutafuta picha ya gari. Wi aliendelea kueleza habari ya muungano, nao wakaitikia kweli, kweli, mzungu, una akili, Shangazi Malai akamsogezea andazi la bure. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Wao kwa wao waligombana kwa siasa mpaka vikombe vikaruka. Yeye alipoongea, walitabasamu na kumwongezea maziwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wi alikuwa na miaka ishirini na tatu na jembe hajaliona. Kuheshimiwa kwa namna ile kulimuuma kuliko tusi, na ndiyo maana kura ile aliitaka kama maji. Mtu aliyehesabiwa atabishiwa kama wengine.

"Leo unampigia nani?" Shangazi Malai aliuliza.

"Kura ni siri, Shangazi."

"Siri gani, na mgombea ni shemeji yako? Hebu nenda zako!"

"Na kwenu huko mnapigaje?" aliuliza Kampan. "Si ulisema mnapaka rangi?"

Alishawahi kuwasimulia, nao walipenda kuisikia tena. Uholanzi, alisema, kuna penseli nyekundu imefungwa kwa kamba, na kando ya jina la mgombea kuna kiduara. Unakijaza chote, kimya kimya.

"Kama chekechea!" Kampan alijipiga paja. "Nchi ya matajiri, wanapaka rangi!"

"Hapa ni msalaba," alisema Wi, naye sasa akacheka, akinyoosha kidole ukutani. Pale, juu ya birika, palikuwa na bango alilolichora yeye mwenyewe wiki iliyopita kwa hisani ya umma: kisanduku kikubwa chenye mistari miwili iliyokatizana, na chini yake maneno MSALABA TU. SI ALAMA YA VYEMA, SI DUARA, SI MOYO. Chini yake Kampan alikuwa ameongeza kwa kalamu: SI NGURUWE.

Kufika saa mbili foleni hekaluni ilikuwa imeshapinda mpaka kwenye mti wa watawa. Watawa wenyewe hawaruhusiwi kupiga kura, lakini hakuna sheria inayozuia macho, nao walijipanga dirishani kwao kama kwenye mechi. Wi alikuwa wa saba. Nyuma yake alisimama mama mkwe wake, Bibi Bunma, mwanamke mfupi wa miaka themanini na mbili, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kumwambia mkwe wake neno kali hata moja. Alimwita "mkwe" kwa sauti ya kumbembelezea mgonjwa.

"Mkwe, umekunywa chai?"

"Nimekunywa kahawa, mama."

"Vizuri. Namba moja, eh?"

Lamduan, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alitazama paa la hekalu.

Karani aliita jina lake lote, na akalikosea, na Wi akaona halijawahi kutamkwa vizuri namna ile. Aliweka sahihi. Alipewa karatasi. Aliingia nyuma ya ubao wa kadibodi, akashika kalamu, na mkono ukaanza kumtetemeka. Ilikuwa imepita miaka ishirini na kitu hajapiga kura popote. Alimwona Bunlert akilini, aliyembeba mgongoni siku ya mafuriko huku akiimba. Alimwona Saengdao amesimama wilayani kwenye jua, siku tatu, na madumu matupu. Alikumbuka kila alichoandika kuhusu mashemeji. Akasema moyoni, namba mbili. Kisha akaitia alama yake taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayetahiniwa, akahakikisha hakuna atakayeitilia shaka.

"Mkwe amelala humo?" Bibi Bunma aliuliza kwa sauti.

Alitoka machozi yanamlengalenga. Kampan akampigia makofi, na foleni nzima ikafuata. Wi alitembea kurudi nyumbani kama bwana harusi, na njia nzima Lamduan alikuwa anamtazama kwa pembeni.

"Umefanya ulichotaka?"

"Nimefanya kilicho haki."

"Hayo mawili si lazima yawe ndugu," alisema mkewe.

Kura zilihesabiwa palepale kwenye banda la hekalu, saa tisa na nusu, macho ya watu wote yakiwa yamekodolewa. Hakuna aliyebaki nyumbani. Waliokuja na mikeka walileta na wali wa kunata na kuku wa kuchoma. Naibu mkuu wa wilaya, kijana mwenye miwani, alisimamia. Karani mmoja alifungua karatasi, akaiinua juu ya kichwa chake ili kila jicho liione, akaita. Wa pili akaitikia na kuchora kijiti ubaoni.

"Namba moja, nzuri!"

"Nzuri!"

"Namba mbili, nzuri!"

"Nzuri!"

Mwanzoni Bunlert alitangulia, na upande wake ukaanza kuimba. Kisha Saengdao akamfikia, akampita, nguruwe wakasifiwa kwa majina. Bunlert akarudi. Vijiti vilikwenda bega kwa bega, watu wakaacha kutafuna. Mtu alipiga filimbi. Mtoto alilia akanyamazishwa na watu wanne. Wi alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, shati limelowa, anaitikia "Nzuri!" kuliko karani. Katika maisha yake yote ya kuandika habari hajawahi kuwa ndani ya habari, na sasa alisikia moyo unampiga hadi kwenye meno.

Zilibaki karatasi chache. Karani alifungua moja, akainua mkono, mdomo ukafunguka, na sauti haikutoka.

Kwenye kisanduku cha namba mbili hapakuwa na msalaba. Kisanduku kilikuwa kimepakwa wino, chote, kona hadi kona, bila kuvuka mstari hata kidogo. Kazi safi. Mtu alikuwa amejitahidi.

Wi aliitazama karatasi ile, na ilimchukua muda kuelewa kwa nini anaifahamu. Kisha akaelewa. Mazoea yana taabu: kichwa kilijua msalaba, kilichora mpaka bango la msalaba, lakini mkono ulikuwa umefundishwa kazi yake miaka mingi nyuma, mahali pengine, na ulipotetemeka ulirudi kwao.

"Kura imeharibika," alisema naibu.

"Chekechea!" Kampan alipiga kelele. "Jamani, chekechea!"

Banda lote liligeuka kwa pamoja. Watu mia mbili na zaidi walimtazama mtu mmoja juu ya kiti cha plastiki. Wi alitamani ardhi ipasuke. Badala yake kiti ndicho kilichopasuka mguu, akashuka kwa kishindo kwenye mkeka wa watu, katikati ya wali.

Kucheka kulikuwa bado hakujaisha karatasi za mwisho ziliposomwa. Naibu alihesabu vijiti, akarudia, akafuta miwani, akarudia tena.

"Namba moja, mia moja na tisa. Namba mbili, mia moja na tisa. Iliyoharibika, moja."

Hapo kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa panga, kwa sababu kila mtu pale anajua kuhesabu.

"Wewe!" Saengdao alijitoa kwenye kundi lake, kidole mbele. "Wewe na mabango yako! Umenipa kura na umeninyang'anya kwa mkono huohuo! Nani alikwambia uremberembe?"

"Dada Saengdao, mimi..."

"Usiniite dada! Dada yako angekufundisha kuchora mistari miwili!"

Naye Bunlert alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na uso wake wa ucheshi umekunjamana. "Shemeji. Namba mbili? Shemeji, mimi nilikubeba mgongoni!"

"Najua, Bunlert. Najua. Ila ile pampu..."

"Pampu! Pampu ilikubeba?"

Naibu aligonga meza. Sheria, alisema, iko wazi: kura zikilingana, kura ya bahati inapigwa hapohapo. Waliazima bakuli la sadaka la mtawa mmoja. Karatasi mbili zilikunjwa mbele ya watu, moja tupu, moja imeandikwa. Hata watawa walitoka nje sasa. Saengdao alitangulia kuchovya mkono, akakunjua karatasi yake, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Ilikuwa tupu pande zote mbili.

Upande wa Bunlert ulilipuka. Ngoma ilitoka sijui wapi. Bunlert alibebwa juu kwa juu, analia na kucheka. Saengdao aliikunja karatasi ile tupu, akaitia kwenye kifua cha blauzi yake, akaenda kumpa mkono. Mama huyo ni mtu. Kisha akaondoka kwenda kulisha nguruwe, na alipompita Wi alisema bila kumtazama, "Uchaguzi ujao nakusimamia mwenyewe."

Ndipo Bibi Bunma alipofika. Alikuja polepole na fimbo yake, watu wakampisha, akasimama mbele ya mkwe wake aliyekuwa bado na punje za wali kwenye suruali. Wi akangoja ile sauti ya kumbembelezea mgonjwa.

"We mshenzi!" alisema Bibi Bunma. "We punguani usiye na haya! Miaka ishirini na tatu unakula wali wangu, unakula samaki wangu wa kuvunda na kuomba tena, halafu unampigia mfuga nguruwe? Na kumpigia kwenyewe hujui? Kama unasaliti, saliti vizuri basi! Ng'ombe ana akili kuliko wewe. Ng'ombe hachori bango!"

Hakuishia hapo. Alimrudisha kwenye mwaka alipoegesha trekta bwawani, na mwaka alipomwagia mwanasheria wa wilaya supu, na paa la choo lililovuja kwa sababu ya ubishi wake. Yote alikuwa ameyaweka. Yote hayo alikuwa ameyatabasamia. Kila mtu aliongeza lake: Kampan habari ya pikipiki aliyoikalia mpaka ikavunjika, Shangazi Malai habari ya anavyohutubia watu asubuhi na mapema kabla hata sukari haijayeyuka. "Na ile serikali ya muungano," alisema Shangazi, "hujui unachosema! Waziri yule atajiuzulu!"

"Hajiuzulu!" Wi alijibu, akasikia sauti yake imepaa.

"Atajiuzulu, kichwa ngumu we!"

"Hajiuzulu, Shangazi, na wewe huelewi hata..."

"Mimi sielewi? Mimi?"

Wakagombana hadi jua likaanza kuzama, kwa mikono na kwa vidole, na hakuna aliyesema kweli, kweli, na hakuna aliyemwongezea kitu. Wi alikuwa na aibu mpaka masikioni, na huku chini ya aibu alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuieleza, kubwa kiasi cha kumfanya atake kumkumbatia bibi yule na fimbo yake. Fimbo ilimpitia begani mara moja. Haikuwa ya mzaha.

Usiku ule Lamduan alimtengea chakula, akamgeuzia mgongo. Hilo ndilo Wi aliliogopa kuliko yote, akalala macho yanatazama neti.

Alfajiri kipaza sauti kilikohoa. Sauti ilikuwa mpya, nzito ya ulevi wa jana, na ilianza kwa kucheka yenyewe.

"Ndugu wanakijiji, mimi ni Bunlert, mwenyekiti wenu. Matangazo. La kwanza, pampu ya maji itafanyiwa matengenezo leo, si kesho, leo, na msimamizi wake atakuwa Dada Saengdao, nimeshamwomba usiku, amenitukana, amekubali. La pili, ng'ombe wa Kampan amelala barabarani. La tatu. Mwanakijiji mwenzetu Wi, wa nyumba iliyo mkabala na hekalu, anatakiwa kwenye pampu saa moja na jembe lake. Shemeji, mtaro hauchimbwi kwa kalamu. Mwisho."

Wi alikaa wima kitandani. Mwanakijiji mwenzetu. Aliyatafuta maneno yale hewani kama yangeweza kushikika.

Jikoni mchi ulikuwa unatwanga pilipili. Alikwenda, akasimama mlangoni.

"Lamduan. Nisamehe. Ni ndugu yako, najua."

Mchi uliendelea. Kisha ukasimama. Lamduan alichungulia dirishani kuhakikisha mama yake hayuko uani, akamsogelea mumewe, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wi alidhani analia, mpaka alipomwona uso.

"Mimi nilimpigia Saengdao pia," alinong'ona. "Ila mimi nilichora msalaba."

Wi alifungua mdomo. Mkewe akauziba kwa kiganja chenye pilipili.

"Ukiandika hilo kwenye ukurasa wako, unahamia kwa nyati. Haya, kachukue jembe."